Bei ya asubuhi, jibu la mwaka jana: Kagongwa inavyoongea mtandaoni

Mchele ukitoka mashineni Kagongwa hauanzi safari ya Mwanza wala ya Dar es Salaam kabla haujapigwa picha. Mtu anachota kiganja kimoja, anazitandaza punje vidoleni, anaelekeza simu juu yake, na picha inaingia kwenye kundi la WhatsApp na maneno machache: supa, haina chenga, mzigo upo. Dakika chache baadaye wa kwanza ameuliza gunia lina kilo ngapi, wa pili ameuliza lori limesimama wapi, na wa tatu amejibu kwa sauti, akitanguliza salamu ya "mwangaluka" kama adabu inavyotaka, kisha akataja bei yake, ya chini kidogo kuliko ile anayojua mwenyewe kwamba atailipa. Ikifika saa nne bei ya siku inajulikana na kila aliyemo kundini. Picha ile ya alfajiri imeshasukumwa huko juu na taarifa ya msiba, utani wa Simba na Yanga, tangazo la kiwanja na dua ya mtu asiyechoka kutuma dua.

Kwa asiyepafahamu, Kagongwa ni kata ya Manispaa ya Kahama mkoani Shinyanga. Iko kando ya barabara kuu inayotoka Isaka, ilipo bandari kavu, kwenda Kahama mjini na kuendelea hadi mpaka wa Rusumo. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita hapa usiku na mchana. Dhahabu haiko mbali, maana mgodi wa Buzwagi uliomaliza uzalishaji mwaka 2021 uko njiani kuelekea mjini, na Bulyanhulu uko upande wa Msalala. Lakini kinachoiweka Kagongwa mjini ni mpunga. Mashine za kukoboa ndizo zinazompa kazi kijana wa kubeba magunia, mama wa chakula, fundi wa mota na dalali ambaye hana ofisi, hana mzani, ana simu mbili.

Sasa chukulia mgeni anaingizwa kundini. Kijana kutoka Dar, ana mtaji wa kuanzia, hajawahi kununua mpunga. Anauliza yale ambayo kila mgeni huuliza: mpunga unakuwa rahisi mwezi gani, gunia la mpunga linatoa kilo ngapi za mchele, nani analipia kukoboa na kuchambua, mpunga ambao haukukauka vizuri unautambuaje kabla haujageuka chenga mashineni. Bahati ikiwa yake, mzee mmoja aliyekaa kwenye biashara hii miaka mingi anabonyeza kitufe na kutoa somo zima kwa sauti, dakika nne au tano, bila kuficha. Watu wanatuma vidole gumba. Mwezi unaofuata anaingia mgeni mwingine na maswali yale yale. Somo lile liko wapi? Limo humo humo, chini ya maelfu ya picha na dua, na hakuna anayeweza kulipata kwa sababu sauti haina neno la kutafutia. Mzee hajibu tena. Amechoka, na ana haki ya kuchoka.

Hili jambo dogo la kundi la wauza mchele ni sura mpya ya mvutano wa zamani kuliko simu zenyewe. Tangu watu waanze kuongea kwa kompyuta wamekuwa na njia mbili za kukusanyika. Njia ya kwanza ni kumpelekea kila mwanachama maneno pale alipo. Ya pili ni kuyaweka maneno mahali pamoja, anayetaka ayafuate. Ya kwanza ilikuja kama orodha ya barua pepe, ya pili kama jukwaa la mtandaoni. Afrika Mashariki tumezitumia zote mbili, tumenufaika nazo na tumeumizwa nazo, na ninachokiona Kagongwa ni kwamba tumerudi kwenye ya kwanza bila kukumbuka kwa nini tuliihama.

Orodha ya barua pepe haina fumbo. Kuna anwani moja. Ukiiandikia, programu inanakili barua yako na kuituma kwa kila aliyejiandikisha. Makundi ya namna hiyo yalikuwapo Marekani kwenye mtandao wa ARPANET tangu 1975, na mwaka 1986 mwanafunzi mmoja jijini Paris, Eric Thomas, aliandika toleo la programu ya LISTSERV lililoondoa kazi ya kuandikisha na kufuta majina kwa mkono. Wazee wa ukanda huu wangeielewa mara moja, kwa sababu ni mwano, ukelele wa kuita msaada. Sungusungu, ulinzi wa jadi wa wanavijiji, lilipoanza katika vijiji vya Kahama na jirani zake mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliyeibiwa ng'ombe alipiga mwano, kijiji cha pili kikaupokea na kuupeleka cha tatu. Hakuna aliyeulizwa kama anataka kuusikia, na hakuna aliyeweza kesho yake kusema hakuwapo.

Wanafunzi wetu wa ughaibuni ndio walioonja kwanza. Wakenya watatu waliosoma Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, walianza kwa kuwasambazia wenzao habari za nyumbani kwa barua pepe, na kutoka huko ikazaliwa kampuni ya Africa Online mwaka 1994. Watanzania nao walikuwa na orodha yao, Tanzanet, ambamo mtu aliyekuwa kwenye baridi ya Ulaya aligombana kwa hoja na mtu aliyekuwa Chuo Kikuu, Mlimani. Nyumbani intaneti ya kulipia ilikuwa changa, kampuni ya CyberTwiga ikiwa miongoni mwa za kwanza kuiuza jijini Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1990. Aliyekuwa na laini ya simu ya mezani alipiga, akasikia mlio ule wa kukwaruza, akavuta barua zake zote, akakata simu, akazisoma taratibu bila gharama. Siku hizo hiyo ndiyo ilikuwa nguvu kubwa ya orodha: ilihitaji mtandao dakika tatu tu kwa siku.

Orodha ilifanya pia kazi ya serikali, jambo ambalo husahaulika. Sera ya Taifa ya TEHAMA ya mwaka 2003 ilipokuwa inaandaliwa, sehemu ya mjadala wake ilipita katika kundi la barua pepe lililoitwa eThinkTank, lililowakutanisha wataalamu wa serikali, wa vyuo na wa kampuni. Kenya ikawa na KICTANet, orodha ambayo ipo hadi leo. Bitange Ndemo alipokuwa katibu mkuu wa wizara ya habari na mawasiliano, kati ya 2005 na 2013, alikuwa akiingia mwenyewe humo na kujibu wanaomkosoa. Fikiria hilo kwa makini. Mwanafunzi anaandika malalamiko kuhusu bei ya intaneti, na anayejibu ni katibu mkuu, kwa jina lake, katika sanduku lile lile la barua linalosomwa na mkurugenzi wa kampuni ya simu inayolalamikiwa. Sidhani kama jukwaa la wazi lingempata katibu mkuu yule. Alikuja kwa sababu alijua waliomo ni akina nani, na hakuhitaji kukumbuka kwenda popote, barua zilimfuata.

Lakini orodha ina adha zake, na aliyewahi kuwa kwenye orodha ya Watanzania anazijua. Watu wawili wakishikana mashati, mia nne wengine wanapokea kila kofi. Mtu anajibu barua akidhani anamjibu rafiki yake, kumbe inakwenda kwa wote, pamoja na bosi aliyetajwa. Mwingine anaandika "naomba mnitoe", na wengine kumi wanamjibu kila mmoja kumfundisha namna ya kujitoa. Katika Wanabidii, kundi maarufu lililokaa Google Groups, kila barua ilibeba chini yake tamko refu kwamba aliyeandika atabeba mwenyewe lawama ya kisheria ya maneno yake. Tamko lilikuwa refu kuliko barua nyingi, na kadiri watu walivyojibizana bila kufuta, matamko yalirundikana moja juu ya jingine mpaka hoja yenyewe ukaitafuta kwa tochi.

Jukwaa lilikuja kutibu hayo. Programu kama phpBB na vBulletin zilizotoka mwaka 2000 zilimwezesha kijana yeyote mwenye seva ya kukodi kufungua baraza. Tanzania ilipata lake mwaka 2006, likiitwa JamboForums, na mwaka 2008 likabadili jina kuwa JamiiForums, JF kwa kifupi. Waanzilishi wake, Maxence Melo na Mike Mushi, walijenga kitu ambacho Watanzania hawakuwa nacho: mahali ambapo mada inaanzishwa, inapewa uzi wake, na uzi unabaki. Unaweza kuukuta asubuhi ukiwa na kurasa mbili, jioni zimefika arobaini, na mwaka wa tatu bado mtu anaufufua kwa swali jipya. Na kubwa zaidi, mtu aliingia kwa jina la kujitungia.

Jina la kujitungia ndilo lililoifanya JF iwe JF. Katika orodha ya barua pepe mtumishi wa wizara hakuthubutu. Anwani yake ilimtaja. Jukwaani alikuja na jina la mnyama au la mhenga, akabandika waraka, akatoweka. Wakati wa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond na la fedha za akaunti ya EPA ya Benki Kuu, watu waliingia humo kusoma yaliyokuwa hayajafika magazetini. Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu tarehe 7 Februari 2008 kwa ajili ya Richmond. Mwezi huo huo Melo na Mushi walikamatwa na polisi, kompyuta zikachukuliwa, na jukwaa likawa kimya kwa siku kadhaa kabla ya kurudi.

Hapo ndipo penye fundisho ambalo watu wa teknolojia hawalisemi wanapolinganisha programu. Ukiwa na orodha ya barua pepe yenye watu mia tano, nakala za mazungumzo ziko katika masanduku mia tano ya barua, mengine Dodoma, mengine Toronto. Polisi wakamate nani? Wachukue kompyuta ipi? Jukwaa lina mlango mmoja, na mlango mmoja una kufuli moja. Mwaka 2015 ilikuja Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mwaka 2016 JamiiForums ilikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya sheria hiyo vilivyowapa polisi uwezo wa kudai taarifa za watumiaji, na tarehe 13 Desemba mwaka huo huo Melo akakamatwa. Kesi zake katika mahakama ya Kisutu ziliendelea hadi Novemba 2020. Katikati ya kesi hizo, 2018, zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizodai leseni, na ada zake ukizijumlisha zilifika shilingi milioni 2.1, na mwezi Juni jukwaa likafunga milango kwa wiki kadhaa likitafuta namna ya kuzifuata. Septemba 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ilisimamisha leseni ya jukwaa kwa siku 90. Kila mara hayo yanapotokea, wanaokosa huduma si wanasiasa peke yao. Wanaokosa ni pamoja na yule aliyekuwa anasoma uzi wa ufugaji wa kuku, wa dalili za ugonjwa wa mtoto, na, ndiyo, wa biashara ya mchele, maana nyuzi za mchele zipo humo, na Kahama inatajwa.

Niwe mkweli kwa upande wa pili. Mlango mmoja usio na kufuli nao ni balaa. Kenya ilikuwa na jukwaa lililopendwa, Mashada, lililoanzishwa na David Kobia akiwa Marekani. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipoharibika na watu wakaanza kuuana, jukwaa likajaa matusi ya kikabila kwa kasi ambayo wasimamizi hawakuweza kuifuta. Mwishoni mwa Januari 2008 Kobia alilifunga kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akaenda kuwa mmoja wa waliojenga Ushahidi, mfumo wa kukusanya taarifa za matukio kwa ramani uliokuja kutumika hadi Haiti baada ya tetemeko la 2010. Kufunga jukwaa ulilolilea miaka mingi kwa sababu jirani zako wanalitumia kutukanana kikabila si uamuzi wa fundi mitambo. Ni uamuzi wa mzee wa mji. Na jukwaa bila mzee wa mji, haidhuru programu yake ni nzuri kiasi gani, huoza.

Basi ikaja simu janja, na hapo hadithi inarejea Kagongwa.

Ukitaka kujua kwa nini mfanyabiashara wa hapa hakuhamia kwenye jukwaa, usimhoji kuhusu teknolojia. Mwangalie mikono. Ina vumbi la pumba. Hawezi kufungua ukurasa, kuingiza nywila, kutafuta sehemu ya biashara, kusoma kurasa nane, kisha kuandika aya tatu. Anaweza kubonyeza na kusema. WhatsApp ilimpa hilo kwa bando dogo, ikampa na picha ya mzigo, na juu ya yote ikampa namba ya simu ya anayeongea naye. Namba hiyo inaweza kupigiwa. Inaweza kutumiwa pesa. Inaweza kuulizwa kwa mtu wa tatu: huyu unamfahamu? Biashara ya mchele inaendeshwa kwa mali kauli zaidi ya inavyoendeshwa kwa mikataba. Mzigo unaondoka, pesa inafuata. Huwezi kupakia magunia mia mbili kwa ahadi ya mtu anayejiita Simba wa Nyika.

Ndiyo maana nasema kundi la WhatsApp ni ile ile orodha ya barua pepe, imevaa nguo mpya. Maneno yanamfuata mtu alipo. Waliomo wanajulikana. Nakala iko kwenye kila simu. Hata ukubwa wake umekuwa ukipimwa kwa kibaba: watu 256 mwaka 2016, kisha 512, kisha 1,024, vyote viwili ndani ya 2022. Adha zake pia ni zile zile, na aliyejibu kwa wote akidhani anamjibu mmoja bado yupo, sasa anatuma sauti.

Tena kwa habari zinazoharibika haraka, kundi halina mpinzani. Nenda upande wa dhahabu uone. Ikisikika kwamba mahali fulani porini kuna rashi, kwamba watu wameanza kutoka na mawe mazuri, taarifa hiyo ina thamani leo na kesho. Keshokutwa eneo limeshajaa, kila duara la kuchimbia lina mwenyewe, na bei ya kuingia imepanda. Nani ataandika uzi? Bei ya dhahabu ya siku, bei ya mchele ya asubuhi, lori lenye nafasi linalorudi tupu kutoka Mwanza: hayo yote ni ya kundi. Kuyaweka jukwaani ni kuyachelewesha.

Ila kuna habari ambazo haziharibiki, na hizo ndizo tunazozitupa. Mpunga hushuka bei wakati wa mavuno na kupanda miezi ya mbele, lakini umepandaje mwaka hadi mwaka? Mwaka gani ulipanda sana na kwa sababu gani, mvua au zuio la mpaka? Mashine za aina gani zinakata punje? Dalali yupi aliondoka na pesa za watu, na alijitambulishaje? Kila kundi la Kagongwa limeshajibu maswali haya mara nyingi, na kila mara jibu limezama. Uzi wa jukwaani wa miaka kumi iliyopita unapatikana leo kwa kuandika maneno mawili kwenye Google. Sauti ya mzee ya mwezi uliopita haipatikani kabisa. Kwa miaka mingi aliyeingizwa kundini leo hakuruhusiwa hata kuona yaliyosemwa jana. Aliingia kama mtoto aliyezaliwa siku hiyo.

Na zile nakala zilizotawanyika, ambazo nimezisifu hapo juu, zina udhaifu wake. Barua pepe ya mwaka 2001 inaweza kuwa ipo kwa mtu aliyeitunza. Simu haitunzi. Inajaa, mwenyewe anafuta picha na sauti ili apate nafasi; au inaibiwa stendi; au inaangukia kwenye ndoo. Hata kampuni kubwa hazina huruma na kumbukumbu za watu. Orodha nyingi za Afrika Mashariki zilikaa Yahoo Groups kwa sababu ilikuwa bure. Oktoba 2019 Yahoo ilitangaza kwamba itafuta yote yaliyohifadhiwa humo, na Desemba 2020 huduma ikazimwa moja kwa moja. Makundi ya wanafunzi waliosoma pamoja, ya wataalamu, ya watu wa kijiji kimoja waliotawanyika duniani, miaka kumi na tano na zaidi ya mazungumzo, yalibaki kwa wale wachache waliowahi kuyapakua. Hapakuwa na polisi wala kanuni. Ilikuwa tu hesabu ya mhasibu wa Marekani.

Halafu kuna siku ambazo tofauti zote hizi hazina maana. Kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Kundi, orodha, jukwaa, vyote vilikuwa kitu kimoja.

Mimi naona jibu la Kagongwa liko katikati, na halihitaji mtaalamu kutoka nje. Bei na mzigo vibaki kundini. Somo la mzee liandikwe, na kijana wake au mjukuu anaweza kumsaidia kuyageuza maneno ya dakika tano kuwa aya tano, kisha libandikwe mahali pa wazi panapotafutika, kwa jina lake la kweli, likiwa na mwezi na mwaka. Mgeni akiuliza, apewe kiungo. Kundi liwe na wasimamizi zaidi ya mmoja, kwa sababu nimeona makundi yakibaki yatima pale simu ya msimamizi pekee ilipopotea. Na mara moja kwa mwaka mtu ayahamishe mazungumzo yawe faili na kuyaweka kwenye barua pepe. WhatsApp inaruhusu hilo, kitufe kipo, ni wachache wanaokigusa.

Ukimweleza hivyo dalali wa Kagongwa, atakusikiliza kwa heshima, kisha atakuuliza swali ambalo wataalamu wa majukwaa hawana jibu lake: kwa nini amfundishe mtu wa Dar bure kazi inayomlisha yeye? Swali hilo si la uchoyo. Anachokiuza dalali si mchele. Ni kujua. Bei ikiwa wazi kwa kila mtu, kamisheni yake inapungua. Ukuta wa kundi, ambao mimi nauona kama upungufu, kwake ndio mtaji.

Lakini kuna mtu wa tatu ambaye hayumo kundini wala jukwaani. Ni mkulima wa Ushetu au Msalala, mwenye jaruba lake na simu ya kitochi, anayeleta magunia kwenye bodaboda au kwenye fuso la kuchangia. Anafika saa tano. Bei yake imeshapangwa tangu saa nne, na watu asiowajua na ambao hawakumuuliza. Hana namna ya kujua kama ni bei ya siku au ni bei yake yeye. Hajui mwaka jana wiki kama hii ilikuwaje, wala kama waliobana mpunga mpaka Januari walipata au walikula hasara. Mtoto wake yuko sekondari na pengine anashika simu janja ya mjomba jioni. Angeweza kumsomea uzi kama uzi ungekuwapo. Kwenye kundi la wanunuzi hatamwingiza, kwa sababu msimamizi huwa anauliza kwanza: huyu ni mnunuzi?